Kompyuta Haikatai Mshahara: Tazameni Majina ya Visanduku



Hapa Juba wako waajiri ambao sasa wanaandika mishahara kwa kompyuta, kwa njia ya intaneti. Chama hakiipingi mashine. Lakini hatukubali mfanyakazi aambiwe "kompyuta imekataa" kisha arudi nyumbani mikono mitupu.

Katika tawi moja wenzetu walifanya kazi saa za ziada, na karani akaziandika zote. Siku ya malipo, mahali pa saa za ziada palikuwa patupu. Tulikwenda ofisini tukamwomba fundi atuonyeshe.

Tulijifunza hivi. Programu huweka kila habari katika kisanduku chenye jina. Ukurasa wa karani ulikiita kisanduku saaZaZiada. Programu ya kukokotoa mishahara ilitafuta saa_za_ziada. Kwetu sisi ni jina moja, kwa mashine ni majina mawili. Hata herufi kubwa na ndogo huzitofautisha.

Mafundi wana desturi mbili. Ya kwanza huunganisha maneno, na kila neno linalofuata huanza kwa herufi kubwa. Wanaiita ya ngamia, kwa ajili ya nundu. Ya pili huunganisha maneno kwa kistari cha chini. Wanaiita ya nyoka. Zote mbili ni halali. Kosa ni kuzichanganya bila mapatano.

Hatari yake ni hii. JavaScript, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1995 na inayotumika katika kurasa nyingi za intaneti, ikiombwa kisanduku kisichokuwapo haipigi kelele. Hujibu tu kwamba hakuna kitu, na kazi huendelea. Jasho la mtu hupotea kimya kimya.

Kwa hiyo tunaagiza:

1. Kila mmoja aandike saa zake katika daftari lake mwenyewe.

2. Ukiona patupu katika hati ya mshahara, mpelekee mwakilishi wa tawi siku hiyo hiyo.

3. Mwakilishi amtake fundi asome jina linalotumwa na jina linalotafutwa, herufi kwa herufi.

4. Mafundi wachague desturi moja, iandikwe, na wote waifuate.

Wenzetu walilipwa mwezi uliofuata, kwa sababu madaftari yao yalikuwapo. Mashine haina hila. Hufuata jina ililopewa na watu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Umoja ni nguvu!