Mwalimu wa Shule ya Msingi na Uchaguzi wa Fani za Sayansi na Uhandisi

Huenda mwanachuo akajiuliza: mwalimu wa shule ya msingi ahusikaje na uchaguzi wa fani ya chuo kikuu, jambo litokealo miaka mingi baada ya mtoto kuondoka mikononi mwake? Jibu ni kwamba uchaguzi huo, ingawa huandikwa katika maombi baada ya kidato cha sita, kwa sehemu kubwa huwa umekwisha kufanyika kabla ya hapo.

Tutazame utaratibu ulivyo nchini Tanzania. Mwombaji haombi kuingia chuo kikuu kwa jumla. Huomba programu maalumu, nayo kila programu ina masharti yake. Kwa kawaida uhandisi hudai ufaulu wa Fizikia na Hisabati ya kidato cha sita, na udaktari hudai Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hivyo, aliyesoma tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, hata akifaulu vizuri sana, haingii moja kwa moja katika uhandisi wa ujenzi. Si kila nchi hufanya hivyo. Katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani, mwanafunzi huchagua fani yake baada ya mwaka wa kwanza. Kwetu mlango hufungwa mapema zaidi. Apangiwaye tahasusi hupangiwa kwa matokeo ya kidato cha nne, na Hisabati ya kidato cha nne haiwezi kusimama pasipo sehemu, desimali na uwiano aliojifunza shule ya msingi. Mwalimu amwambiaye mtoto wa darasa la tano, hasa msichana, kwamba hesabu si fungu lake, amekwisha kumfungia milango asiyoijua bado.

Kosa la pili ni kuchagua jina badala ya kazi. Watoto wengi husema “daktari” au “injinia” kwa kuwa ndiyo majina wayasikiayo nyumbani. Yafaa wafundishwe kutofautisha fani kwa maswali ambayo kila fani huuliza. Tuchukue mfano wa maji yenye floraidi nyingi, kama yale ya baadhi ya vijiji vya Arusha, ambayo hutia meno ya watoto rangi ya kahawia. Mjiolojia huuliza: floraidi hii imetoka katika miamba gani? Mkemia huuliza: imo kiasi gani katika lita moja, na je, imezidi miligramu 1.5, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani? Daktari wa meno huuliza: imemdhuru mtoto huyu kwa kadiri gani? Mhandisi huuliza: tutengeneze chujio gani, kwa mfano la mkaa wa mifupa, ambalo wanakijiji wataweza kulinunua na kulitunza? Tatizo ni moja, maswali ni manne, na njia za masomo ni mbalimbali.

Somo la namna hii laweza kufundishwa katika kipindi kimoja, kwa hatua tatu. Kwanza, mwalimu achague tatizo la mahali pale: daraja lililobomoka, mahindi yaliyoliwa na dumuzi, au umeme ukatikao. Pili, wanafunzi katika vikundi watunge maswali, na mwalimu ayapange ubaoni kwa fani zake. Tatu, kila mtoto aandike swali alilolipenda na sababu yake. Mwalimu asisahihishe upendeleo huo. Autunze, kwani ukirudiwa kila muhula utaonyesha mwelekeo wa mtoto kuliko alama za mtihani mmoja.

Aidha, mwalimu awe tayari kuwajibu wazazi, maana vijijini yeye ndiye huulizwa kwanza. Awaeleze kwamba kidato cha tano si njia pekee ya kufikia uhandisi. Mhitimu wa kidato cha nne mwenye sifa aweza kusomea stashahada katika chuo cha ufundi, kama vile Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, kisha akaendelea na shahada. Kabla ya kujaza fomu yoyote, kijana asome kwanza masharti ya programu anayoitamani, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye masomo anayopaswa kuyafaulu sasa.