Bawabu Aliyefukuzwa Injinini

Dereva mmoja wa Katanika, nje kidogo ya mji wa Kalemie, ambaye riziki yake ni kupeleka saruji na ndagala Moba na kuzipandisha mpaka Pepa katika nyanda za Marungu, ametuandikia kuuliza kama lori laweza kuugua baridi. Tangu alipolitoa gereji, asema, mshale wa joto haupandi kupita robo; kila asubuhi, na kila ateremkapo mlima, bomba hutoa moshi mweupe unaochoma macho; mazutu humwishia mahali ambapo zamani yalimfikisha na mengine kubaki; na oili, ambayo katika injini kongwe aghalabu hupungua, katika yake huzidi kipimo. Fundi alimjibu amshukuru Mungu, kwa sababu injini baridi haiungui. Swali la dereva ni zuri kuliko jibu alilopewa.

Katika nchi za theluji, kama Kanada na Urusi, maradhi haya ni mashuhuri, hata madereva hufunika rejeta kwa turubai au kadibodi wakati wa kipupwe, ili upepo usiinyang'anye injini joto lake. Kalemie haina theluji. Mji umekaa mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, kandoni mwa ziwa ambalo maji yake, hata kule chini kwenye giza la milele, hayapungui nyuzi 23 za Selsiasi. Kwa hiyo ni vigumu kuyatwika majira ya mwaka lawama ya injini iliyopoa hapa, na mwenye kutafuta sababu hana budi kuutafuta mkono wa mtu.

Namna dizeli inavyofanya kazi nairuka, maana imeelezwa katika kila kitabu cha shule ya ufundi. Lanipasa kukumbusha jambo moja tu, kwamba injini hii haina cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka joto lake lipite nyuzi 500, na mazutu yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Kuta za silinda zikiwa baridi, hulipora joto hilo kabla halijatimiza kazi. Matone mengine hutoka kwa njia ya bomba bila kuwaka, nayo ndiyo ule moshi mweupe, na mengine hugandama ukutani, yakauosha utando wa oili na kutiririka nao chini, ndiyo maana oili ya dereva wetu yaongezeka badala ya kupungua. Fauka ya hayo, salfa iliyomo katika mafuta, ikikutana na mvuke uliogeuka maji penye ukuta wa baridi, huwa asidi, na asidi hula chuma. Injini hiyo kweli haitaungua, walakini itasagika.

Mkono ninaoushuku umeacha tundu tupu pale palipokuwa na kidude ambacho waliojifunza ufundi kwa Kifaransa hukiita termosta, na wenzao wa Dar es Salaam thamostati. Liko na jina la kidhibitijoto, ambalo lapendeza katika kamusi, lakini sijui kama mtu aliyelala chali chini ya lori, mafuta yakimdondokea machoni, atapata pumzi ya kulitamka. Mimi nitakiita bawabu, na mwenye jina bora na alilete.

Mfikirie bawabu wa nyumba ya tajiri wa Ujiji ya zamani, aliyeketi barazani penye mlango mmoja tu wa kutokea. Alfajiri huufunga, na watu wa nyumba, ambao hapa ni maji, huzunguka ukumbini wakipashana joto bila ruhusa ya kwenda bustanini, yaani kwenye rejeta. Ukumbi ukianza kufuka, huufungua mlango kwa ufa, wakatoka wachache na kurudi wamepoa. Ukizidi kufuka, huuacha wazi kabisa. Mvua ikinyesha na baridi ikaingia, huurudishia taratibu. Hasinzii, hahongeki, wala hapokei amri ya bwana mwenye nyumba, madhali joto la ukumbini ndilo pekee analolisikiliza. Hana waya wala betri, wala hana akili. Siri yake imo tumboni, na tumboni mwake mna nta.

Ni kikombe kidogo cha shaba kilichojazwa nta ya parafini, iliyochanganywa na unga wa shaba ili joto lipenye upesi. Nta ikiyeyuka hutanuka, ujazo wake ukaongezeka kwa sehemu moja ya kumi au zaidi. Na kwa kuwa kikombe hakitanuki pamoja nayo, haina pa kwenda ila kuubana mpira mwembamba unaokumbatia sindano ya chuma kilichong'arishwa, na sindano ikisukumwa mlango hufunguka, ukishindana na springi ambayo nta ikiganda huurudisha. Linalonifurahisha kupita yote ni jinsi kiwango kinavyopangwa. Nta ni jamaa ya minyororo ya kaboni, mirefu kwa mifupi. Mirefu huyeyuka kwa joto kubwa na mifupi kwa dogo. Hivyo mtengenezaji, kwa kuuchagua mchanganyiko wake, aweza kupiga muhuri wa 82 au 88 juu ya shaba, na nta ikatii miaka mingi. Jamaa za nta hiyo wamo pia katika mazutu yenyewe, na katika baridi ya Siberia huganda wakaziba chujio na kulizima lori, ukoo mmoja ukilinda injini huku na kuinyima chakula kule. Aliyebuni bawabu wa nta ni Sergius Vernet, huko Marekani, katika miaka ya 1930. Kabla yake palikuwa na kiriba cha shaba chenye kimiminika chepesi kama etha, ambacho msukumo wa maji ulikipumbaza na tundu la sindano lilitosha kukiua. Nta haijali msukumo.

Mtumishi wa namna hii afukuzwe kwa kosa gani? Bawabu wa 82 huanza kufungua kwa nyuzi 82, na huwa wazi kabisa anapokaribia 95. Maji katika sufuria iliyo wazi huchemka Kalemie kwa nyuzi 97 hivi, na katika Marungu, inakopita mita 2,000, kwa nyuzi 93. Lori linapopanda Pepa, ilhali kifuniko cha rejeta kimechoka na hakibani tena, maji huchemka kabla ya mlango kuwa wazi. Fundi huuona mvuke, humwondoa bawabu, mvuke ukapungua, naye akasifiwa. Mwenye hatia alikuwa kifuniko, ambacho kikibana sawasawa hupandisha kiwango cha kuchemka kupita 100. Na mshirika wake ni maji ya ziwa, yenye magnesi nyingi, ambayo yakitiwa rejetani miaka na miaka huacha ukoko katika vijia vyake.

Na adhabu humrudia mwadhibu. Katika injini nyingi bawabu ana vilango viwili, na afunguapo kile cha rejeta hukifunga cha njia ya mkato. Akiondolewa, vyote viwili hubaki wazi: mteremkoni maji hupoa kupita kiasi, na mlimani, chini ya mzigo, sehemu yao hurudi injinini yakiwa moto, bila kuiona rejeta. Injini hiyo huugua baridi na homa kwa sababu moja.

Kupima si kazi. Asubuhi washa injini iliyolala, ushike mpira wa juu wa rejeta: ukikaa baridi kwa dakika kadhaa kisha ukapata moto kwa ghafula, bawabu yupo na yu macho, ukipata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, hayupo au amekwama wazi. Aliyeshukiwa huning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, asiguse kitako, na kwa Kalemie lazima afungue kabla maji hayajachemka. Geji nayo huweza kusema uongo, na feni iliyoshikana yaweza kupoza kupita kiasi, vitazamwe.

Dereva wa Katanika, basi, na arudi gereji aulize bawabu wake yu wapi na kifuniko chake kinabana au hakibani. Anunue bawabu mwenye nambari ileile aliyoiandika mtengenezaji wa injini, na oili yote aimwage kabla ya safari nyingine ya Moba, kwa maana iliyomo sasa imechanganyika na mazutu.