Juu ya nini mugonjwa wa homa anasikia baridi na mwili wake unawaka?



Usiku mumoja katika dortware yetu kulikuwa mabishano. Ndugu yetu wa mwaka wa pili alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Alikuwa analia: «Baridi! Baridi!» Mumoja akamuletea blanketi, mwingine akaongeza ya pili, wa tatu akatupa kabuti yake juu. Lakini yule aliyemugusa kwenye paji la uso akasema: «Huyu hana baridi, anawaka sawa makaa!» Nani alikuwa na haki? Wote walisema kweli, lakini hatukuelewa namna gani. Ninaandika maneno haya kwani siku ingine, kwa kukosa kuelewa, tunaweza kupoteza mutu.

Mwili ni jiko

Bugali, sombe na maharagi tunayokula, mwili unavitumia sawa kuni. Mutu mukubwa, hata akikaa bure, anatoa moto karibu sawa ampule ya wati 100. Ndiyo sababu kanisa likijaa watu na madirisha yakifungwa, ndani kunakuwa moto upesi, na hakuna mutu aliyewasha kitu. Ukicheza mupira ao ukilima, moto unaongezeka sana. Katika nguvu ambayo misuli inatumia, karibu robo tu inakuwa kazi. Yote ingine inakuwa moto.

Lakini mwili hautaki kupita kipimo. Muganga mumoja wa Ujeremani, Carl Wunderlich, alipima wagonjwa wengi sana na termometre, na mwaka 1868 akatoa kitabu. Ni yeye aliyefanya watu wajue degre 37. Leo tunajua kama kipimo hakiko kimoja kwa watu wote: asubuhi kinashuka kidogo, mangaribi kinapanda kidogo. Lakini mutu muzima anabaki karibu na degre 36 na nusu mpaka 37 na nusu. Ukishuka chini ya 35 ni hatari. Ukipita 40, ni hatari vilevile.

Nani anachunga kipimo hicho? Ndani ya ubongo, upande wa chini, kuna fasi ndogo yenye kuitwa hipotalamusi. Inapata habari toka kwa ngozi na toka kwa damu yenyewe, kisha inatoa amri. Kukiwa moto, inafungua mishipa midogo ya ngozi ili damu ilete moto inje, na inaita jasho. Kukiwa baridi, inafunga mishipa hiyo, na inaambia misuli itetemeke. Kutetemeka si uzaifu: ni misuli inafanya kazi ili kuleta moto.

Njia ine za moto kutoka

Ya kwanza ni kugusa. Lala chini juu ya sima bila mukeka, utaona namna moto wa mugongo unakwenda. Maji inabeba moto upesi kupita hewa, karibu mara 25. Basi wewe unayenyeshewa na mvua njiani na unabaki na nguo zile zile katika etude, unajitesa bure.

Ya pili ni upepo. Hewa iliyo karibu na ngozi inapata moto. Upepo ukiipeleka, ingine ya baridi inakuja pahali pake.

Ya tatu ni moto wenye kuruka bila kugusa kitu. Ukikaa karibu na makaa unausikia kwenye uso. Mwili pia unatupa moto vile kwa kuta za baridi.

Ya ine ni jasho. Litre moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi, inaondoa moto wa karibu kilokalori 580. Lakini sharti ikauke! Jasho lenye kuanguka chini halisaidii kitu. Ndiyo sababu mutu wa milimani akishuka Kisangani anachoka mbele ya kufanya kazi: kule hewa imejaa maji, jasho linakataa kukauka.

Na hewa ikipita moto wa ngozi, zile njia tatu za kwanza zinageuka, zinaleta moto ndani. Jasho peke yake linabaki. Mwaka 1774, kule London, Charles Blagden na wenzake waliingia katika chumba kikavu ambacho moto wake ulipita degre 100. Mayai na nyama walizoingia nazo ziliiva. Wao wenyewe walitoka wazima. Hii si mambo ya Shadraka, Meshaka na Abednego. Ni jasho, na hewa iliyokuwa kavu.

Sasa turudi kwa mugonjwa wetu

Wadudu wa malaria wanapasua chembe za damu. Mwili ukijua adui ameingia, unapeleka habari kwa hipotalamusi, nayo inapandisha kipimo. Tuseme inatoka 37, inakwenda 39 na nusu. Saa ile mwili ungali 37 ao 38, kwa hiyo «unaona» kama uko chini ya kipimo. Unafunga mishipa ya ngozi, unatetemeka, na mugonjwa analia baridi wakati moto wake unapanda. Ukifika 39 na nusu, kutetemeka kunaisha, mugonjwa anasikia moto. Kipimo kikishuka, jasho linatoka mpaka shuka inaloana. Hivi yule aliyeleta blanketi na yule aliyesema makaa, wote walisema kweli.

Tufanye nini?

Akitetemeka, blanketi moja nyepesi inatosha. Musimufunike na kitu cha pili na cha tatu, kwani munafunga njia zote ine. Musimumwangie maji ya baridi: mishipa itafunga, atatetemeka zaidi, na moto utaongezeka. Kutetemeka kukiisha, mufunulie, mufungue dirisha, mumupe maji ya kunywa mara kwa mara.

Parasetamoli inashusha kipimo katika ubongo, lakini haiui mududu hata mumoja wa malaria. Mutu anaweza kujisikia muzuri asubuhi na ugonjwa unaendelea ndani. Basi siku ile ile mumupeleke dispanseri wapime damu yake. Akianza kusema maneno isiyoeleweka, akishikwa na degedege, akikosa nguvu ya kunywa, ao mukimwamsha na haamuki, musingoje asubuhi. Mupige mulango wa musimamizi usiku ule ule. Kwa watoto wadogo kule nyumbani, muwe wepesi zaidi.

Jambo moja tusichanganye. Mutu aliyeanguka kwa jua kali, ao kwa kukimbia sana mchana, mwili unawaka na akili imepotea, huyo kipimo chake hakikupanda. Ni jiko limeshinda mwenye kulichunga. Kwake yeye maji ni dawa. Mumulete kwenye kivuli, mumuvue, mumwangie maji mwili muzima, mumupepee, na mwenzenu akimbie kuita muganga.

Ndugu yetu alipelekwa, wakapima damu, wakaona malaria, akapata dawa. Leo anakaa tena kwenye banki yake, na anatucheka juu ya kabuti ile. Lakini tulichelewa zaidi ya saa mbili kwa kubishana, na saa mbili ni nyingi.

Mukitaka kufikiri zaidi juu ya mwili huu tuliopewa, musome Zaburi 139.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, Biolojia-Kimia