Je, Wajua? Mifereji ya Weji Siyo Inayozungusha Mpira

Mpira wa gofu unaotua kwenye grini kisha ukarudi nyuma umezungushwa na msuguano, wala si na mifereji iliyochongwa kwenye uso wa weji, fimbo ya mapigo mafupi ya juu. Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde tu. Katika muda huo ganda laini la yurethani hung'ang'ania chuma kilicholalia nyuma, na mpira huondoka ukizunguka kinyumenyume, kwa wachezaji wa kulipwa hata zaidi ya mara 9,000 kwa dakika. Uso ukiwa mkavu na safi, hata weji iliyolika mifereji huzungusha vizuri.

Atauliza mtu: mbona basi mwaka 2010 R&A na USGA, wasimamizi wa sheria za gofu, waliibana mifereji hiyo, ukubwa wake na ukali wa kingo zake, kwa wachezaji wa kulipwa? Jibu liko kwenye nyasi ndefu. Huko umande na utomvu wa majani hupenya kati ya mpira na chuma, msuguano ukapotea. Mifereji huyapa maji pa kukimbilia, kama ya tairi barabarani wakati wa mvua. Mikubwa ilimfutia mchezaji adhabu ya kukosa njia ya nyasi fupi, na hapo naona sheria ilikuwa na haki.

Wapo wanaodhani dawa ya mzunguko hafifu ni kuulaza uso wa weji zaidi. Ukizidisha, mpira huteleza kupanda juu ya uso badala ya kushika, na mzunguko hupungua. Kitambaa cha kupangusia weji kabla ya kila pigo husaidia zaidi, na ni rahisi mno kuliko fimbo mpya.