Mifuko Miwili Mbele ya Pesa za Kahawa

Katika wilaya za Bukoba na Muleba mkoani Kagera, ambako pesa za kahawa humfikia mkulima kwa msimu mmoja ilhali mahitaji yake hayana msimu, yule aliyekwisha kulipa madeni yake na kubakiwa na akiba kidogo hujiuliza ni wapi aiweke. Na miongoni mwa majibu anayopewa siku hizi ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja, hasa ile inayosimamiwa na kampuni ya UTT AMIS, ambayo mkubwa wake kwa umri, Mfuko wa Umoja, ulianza mwaka 2005, na mdogo wake, Mfuko wa Hatifungani, mwaka 2019.

Mifuko yote miwili yaendeshwa na meneja anayechagua mwenyewe, kwa niaba ya wenye vipande, yaani sehemu za mfuko, ni dhamana zipi zinunuliwe na zipi ziuzwe. Haifanani na ile ya Marekani iliyoanza kuorodheshwa sokoni mwaka 1993, wala na mfuko wa dhahabu ulioorodheshwa Nairobi mwaka 2017, ambayo vipande vyake huuzwa sokoni kama hisa, na bei yake yaweza kuachana na thamani ya mali iliyomo endapo wanunuzi ni haba; kwani kipande cha Umoja hununuliwa kwa meneja na kurudishwa kwake, kwa thamani inayokokotolewa kutokana na mali yenyewe.

Wengi hulinganisha bei za vipande, wakadhani kwamba chenye bei ndogo ndicho rahisi. Dhana hiyo haina msingi. Kama leo bei ya kipande cha Umoja ni mara kadhaa ya ile kilichoanza nayo, ni kwa sababu kimeishi miaka mingi zaidi. Linalompasa mnunuzi kulitazama ni kiasi gani kila shilingi imeongezeka katika muda ule ule mmoja, na katika muda huo iwemo miaka ya neema na ya dhiki pia, maana meneja hajulikani kwa mwaka mmoja wa baraka.

Kisha atazame kilichomo. Umoja huchanganya hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam na hatifungani, kwa hiyo thamani yake hupanda na kushuka pamoja na hisa hizo. Mfuko wa Hatifungani, kama jina lake, hutegemea zaidi riba za mikopo ya serikali na ya makampuni, na humruhusu mwekezaji kuchagua kulipwa gawio au kuliacha likue. Mwenye karo ya Januari machoni pake hana sababu ya kuitia karo hiyo katika hisa, hata zikisifiwa namna gani.

Hapa ndipo nionapo uzito wa shauri lote. Mkoa wa Kagera waijua butura, yaani kuuza kahawa ikingali maua au mbichi mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu shida imefika kabla ya mavuno; na anayefunga akiba yake yote mahali ambapo haitoki haraka hujirudisha kwenye mlango huo huo wa butura, hata kama mfuko wake unastawi. Kwa hiyo yafaa aulize, kabla ya faida, ni siku ngapi za kazi hupita tangu kuomba pesa hata kuzipokea, na kama kuna ada ya kutoka.

Ada ya uendeshaji nayo aisome katika waraka wa toleo, kwani hukatwa kabla ya thamani ya kipande kutangazwa, mwenye mali asiione ikiondoka. Mwenye shilingi milioni moja aweza kununua hatifungani ya serikali kupitia Benki Kuu bila ya kumlipa meneja, nayo riba yake ndiyo kipimo cha haki cha mfuko wowote wa hatifungani. Lakini mwenye shilingi 50,000 zilizobaki baada ya msimu huko Kamachumu, wilayani Muleba, hana mlango huo, na kwake yeye ada ya meneja ni gharama ya kuingia mahali ambapo peke yake asingefika.