Zamu ya Meli

Mtoto akaaye Vingunguti huona malori yapitayo Barabara ya Mandela, kila moja limebeba kontena kutoka bandarini. Ndani yake huenda mna nguo, dawa, au vyuma vya mashine. Je, ni nani aliyeamua meli iliyoleta vitu hivyo ifike siku gani?

Zamani mwamuzi alikuwa upepo. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi. Nahodha aliyechelewa alingoja msimu mwingine. Meli za leo hazingoji upepo, lakini zangoja zamu. Gati zikijaa, hutia nanga nje ya bandari, na kila siku ya kungoja ina gharama yake: mishahara ya mabaharia, kodi ya chombo, na mafuta. Gharama hiyo haiishii baharini, bali hufika mpaka katika bei za dukani.

Wazee husema, haraka haraka haina baraka. Nayo hesabu yathibitisha. Meli ikipunguza mwendo kwa sehemu moja ya kumi, nguvu itakiwayo na injini hupungua kwa zaidi ya robo. Ingawa safari huongezeka urefu wa siku, mafuta ya safari nzima hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Basi ni heri kwenda polepole na kufika kwa zamu, kuliko kwenda mbio na kungoja.

Lakini mwenye meli mia atajuaje zamu ya kila moja? Hapa ndipo itumikapo kompyuta yenye kuitwa akili mnemba. Tangu mwisho wa mwaka 2004, meli kubwa zisafirizo baina ya nchi na nchi hazina budi kuwa na chombo kitangazacho jina lake, mahali ilipo, na mwendo wake. Kompyuta hukusanya habari hizo, pamoja na habari za mawimbi, pepo na gati. Huzilinganisha na maelfu ya safari zilizopita. Hukisia siku ya kufika. Kisha hushauri njia na mwendo.

Hata hivyo kompyuta si nabii. Mwishoni mwa 2023, meli ziliposhambuliwa katika Bahari ya Shamu, nyingi ziliacha njia ya Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Habari za njia ile hazikufaa tena. Ilibidi watu waamue kwanza, ndipo mashine ihesabu upya. Tena, aipaye habari za uongo hupewa jibu la uongo.

Kwa hiyo nahodha hana budi kujua hesabu mwenyewe, apate kumpima mshauri wake.

Maswali
1. Kwa nini kufika mapema bandarini huweza kuwa hasara?
2. Kompyuta hutumia habari gani?
3. Ni lini ushauri wake haufai?