Nguva hana matamvua: je, ni samaki?

Tunaulizwa mara kwa mara: nguva, anayenyonyesha mtoto, naye ni samaki? Kwa maumbile, si samaki. Changu hupitisha maji mdomoni yakatokea kwenye matamvua, yale mashavu mekundu tunayoyafunua sokoni kutazama kama samaki yu mbichi. Damu iliyomo huvuta hewa iliyoyeyuka majini. Nguva ana mapafu kama yetu. Kila baada ya dakika chache lazima apande juu kuvuta pumzi.

Nguva wachache waliobaki nchini huonekana zaidi kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Jarife likilazwa usiku humnasa chini, naye hufa maji humo humo baharini kwake. Na jike huzaa mtoto mmoja tu, kisha hupita miaka kadhaa.

Ama hukumu, katika madhehebu ya Shafi, tunayoifuata wengi wetu pwani, hayatazamwi matamvua bali makazi: kinachoishi baharini tu, hata mfu wake ni halali. Lakini sheria ya uvuvi ya Tanzania inakataza kumvua nguva, na uhalali wa nyama hauondoi katazo hilo. Akinaswa angali hai, jarife likatwe upesi apate kutoa pua juu. Wallahu a'lam.